Goti la mama, pasipoti ya wifi: gorila wa milimani tuwaone upande gani?

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi twakaa Tudor, Mombasa. Desemba wifi yangu anakuja kutoka Leicester. Amezaliwa Majengo lakini siku hizi anasafiri kwa pasipoti ya Uingereza. Asema mwaka huu hataki hoteli za Diani, anataka kuwaona gorila wa milimani kwa macho yake. Tutakuwa mimi, mume wangu, wifi, mamangu mzazi wa miaka 62 ambaye goti humsumbua akipanda ngazi, na mwanangu wa kiume wa miaka 13. Wengine wanatwambia Rwanda, wengine Uganda, na jirani yetu asema Kongo ndiko rahisi. Pesa tunazo kiasi, si za kumwaga. Twende wapi? – Mama Rukia

JIBU: Waalaykum salaam, Mama Rukia.

Nianze na kijana wako, kwa sababu habari yake haina mjadala. Miaka 13 hapiti. Uganda na Rwanda zote zimeweka miaka 15 kuwa umri wa chini, na karatasi hukaguliwa asubuhi ya safari kabla hamjaingia msituni. Msimruhusu mtu yeyote awaambie "tutaandika kumi na tano". Mtoto atarudishwa langoni na pesa ya kibali cha kuwaona gorila itakuwa imekwenda. Atafutiwe mpango wake, nitaugusia baadaye.

Kongo nayo tuimalize haraka. Zamani kibali cha upande ule kiliuzwa dola 400 kwa mgeni, na watu walikuwa wakivuka Goma asubuhi wakarudi Rwanda wakiwa wameridhika. Siku hizi eneo la gorila katika Hifadhi ya Virunga ni uwanja wa vita. Waasi wa M23 waliingia huko zamani kidogo, na Januari 2025 wakaichukua Goma yenyewe. Jirani akiileta tena habari hiyo, mwambieni atangulie yeye.

Zimebaki Uganda na Rwanda. Kabla hujauliza ipi ina gorila wazuri zaidi, jua kwamba gorila wa milimani wapo sehemu mbili tu duniani. Ya kwanza ni safu ya volkano za Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Kongo. Hesabu ya 2015 na 2016 ilipata gorila 604 huko. Ya pili ni msitu wa Bwindi, Uganda, pamoja na kipande cha Sarambwe upande wa Kongo. Hesabu ya 2018 ilipata 459. Jumla 1,063. Hakuna bustani ya wanyama popote inayofuga gorila wa milimani. Unaowaona kwenye video za Ulaya na Marekani ni wa aina nyingine, wa nyanda za chini. Kwa hiyo popote mtakapokwenda mtaona mnyama yule yule, dume lile lile lenye mgongo wa mvi, kwa saa moja ile ile. Tofauti ziko kwenye mfuko, kwenye barabara, na kwenye jinsi mnavyopangiwa familia ya gorila siku yenyewe. Hilo la mwisho matangazo ya safari hayalisemi, na kwenu ndilo zito kuliko yote kwa sababu ya goti la mama.

Tuanze na mfuko, maana hapa Wakenya wengi hujinyima bure. Wanasikia dola 1,500 za Rwanda, bei iliyowekwa Mei 2017, wanafunga ukurasa. Bei hiyo ni ya mgeni wa mbali. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Rwanda inamtoza dola 200. Uganda ni nafuu zaidi: tangu Julai 2024 mgeni wa mbali hulipa dola 800, na raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda, ambazo ni kama elfu kumi na kitu za Kenya. Ndiyo, hujasoma vibaya. Kuna harusi za hapa Mombasa ambapo kanga za sare peke yake zinazidi pesa hiyo.

Angalia neno raia. Bei hiyo ya raia haifuati unapoishi wala ulipozaliwa, inafuata hati unayoonyesha. Wewe, mume wako na mama mnapita kwa kitambulisho cha Kenya. Wifi akionyesha pasipoti ya Uingereza, ni mgeni wa mbali hata kama kitovu chake kimezikwa Majengo. Lakini muulizeni jambo moja mapema, wala si Desemba akiwa ameshatua Moi: je, bado ni raia wa Kenya? Katiba ya 2010 imeruhusu uraia wa nchi mbili, na aliyezaliwa raia akaupoteza zamani ana njia ya kuurejesha. Ikiwa kitambulisho au pasipoti yake ya Kenya iko hai, kibali chake kinashuka kutoka dola 800 hadi elfu kumi na kitu zetu. Ikiwa inahitaji kurejeshwa, ofisi za uhamiaji hazikimbii, aanze sasa.

Tufanye hesabu tukichukulia kwamba wifi amebaki Mwingereza, na dola moja ni shilingi 129 hivi. Uganda: nyinyi watatu kama shilingi 32,000 kwa pamoja, wifi 103,000, jumla inakaribia 135,000. Rwanda: nyinyi watatu dola 600, wifi dola 1,500, jumla kama 271,000. Uganda ni nusu ya Rwanda. Na hiyo ni vibali peke yake. Gari, malazi na ndege havimo. Kama wifi anajilipia, msimpigie hesabu mkamwachia mzigo huo kimya kimya. Mwambieni mapema tofauti ni dola 700, achague mwenyewe.

Sasa goti.

Rwanda, kila mwenye kibali hufika Kinigi, makao ya Hifadhi ya Volkano, saa moja asubuhi. Kibali hakitaji familia ya gorila. Pale uwanjani, watu wakinywa kahawa, waongozaji wanakaa na madereva wanagawa makundi ya watu wanane wanane. Wanatazama umri, mwili, viatu, na wanasikiliza. Dereva anayejua kazi yake atakwenda kusema, "Mimi nina mama mwenye goti, nipeni kundi la karibu." Wazee hupangiwa familia ambazo wafuatiliaji wamezikuta chini karibu na mashamba, vijana wanapelekwa kwenye zile zinazopenda kupanda juu. Hakuna dhamana, kwa sababu gorila hatumwi, lakini nafasi ya mama kupata njia fupi ni kubwa. Hapo nawasifu Rwanda bila kusita. Kuna gharama moja watu huisahau: kutoka Kinigi hadi mahali pa kuanzia kutembea mnahitaji gari lenu, tena linaloweza barabara ya mawe. Hifadhi haiwapandishi. Aliyekuja kwa basi la abiria hukwama pale akiomba lifti kwa Wajerumani.

Uganda mambo ni tofauti. Bwindi ina milango minne: Buhoma upande wa kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga na Nkuringo kusini. Kibali kinauzwa kwa mlango, na aghalabu kwa familia maalumu ya gorila. Siku ya safari waongozaji wanaweza kupanguapangua kidogo ndani ya mlango mmoja, lakini hawawezi kukuhamisha kutoka Nkuringo kwenda Buhoma. Ni mwendo wa saa kadhaa kwa gari kuzunguka milima. Makosa makubwa ninayoyaona kwa watu wanaojipangia wenyewe ni haya: wamelipia hoteli Buhoma kwa sababu picha zilikuwa nzuri, halafu kibali kilichopatikana ni cha Rushaga. Wanaamshwa saa tisa usiku na bado wanachelewa. Kwa hiyo utaratibu ni kibali kwanza, kitanda baadaye. Siku zote.

Milango hiyo haina tabia moja. Buhoma ndiko utalii wa gorila wa Uganda ulikoanzia 1993 kwa familia ya Mubare, na ardhi yake kwa jumla ina huruma kidogo. Ruhija iko juu, baridi kali, na familia zake zinaweza kuwatembeza. Rushaga ina familia nyingi kuliko mlango wowote, hivyo vibali hupatikana hata pale wengine wamejaa, na wingi huo huwapa waongozaji nafasi ya kumtafutia mzee kundi la karibu. Nkuringo ina mandhari ya ajabu, volkano zote ziko mbele yako, lakini unaanza kwa kushuka bonde refu, na ulichoshuka utakipanda tena ukirudi ukiwa umechoka. Kwa goti la mama, Nkuringo ifuteni kwenye orodha leo hii. Goti bovu huumia zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye mpando. Watu wa Mombasa hatulijui hilo kwa sababu mji wetu ni tambarare.

Kuna mahali pa tano ambapo watu wengi hawapataji: Mgahinga. Ni hifadhi ndogo kuliko zote Uganda, kona ya kusini-magharibi kabisa, sehemu ya Uganda ya zile volkano za Virunga: Muhabura, Gahinga na Sabyinyo. Ina familia moja tu iliyozoeshwa watu, Nyakagezi, kwa hiyo ni vibali vinane kwa siku na basi. Zamani familia hiyo ilikuwa na mchezo wa kuvuka mpaka kwenda Rwanda ikawaacha watalii mikono mitupu. Imetulia kwa miaka mingi sasa. Uzuri wa Mgahinga ni kwamba iko karibu sana na mji wa Kisoro, msitu wake hauna makorongo ya Bwindi, na mnalipa bei ya Uganda kwa mandhari ya Rwanda. Ubaya wake ni kwamba iko juu, zaidi ya mita 2,000, na nyinyi mnatoka mita sifuri. Mtahema. Laleni Kisoro usiku mmoja kabla, msifike alfajiri ile ile mkaanza kupanda.

Kabla hamjalipa chochote, mpeni mama mtihani hapa nyumbani. Siku moja vukeni Likoni, nendeni Kwale, mwingie Shimba Hills, muombe askari wa wanyamapori awapeleke kwa miguu kwenye maporomoko ya Sheldrick. Kushuka ni kama kilomita mbili kwenye njia ya udongo na mizizi, na kurudi ni kupanda mwanzo mwisho, kwenye joto letu. Mchukue mama na bakora yake, mwende pole pole, mpumzike mnavyotaka. Msitazame alivyofika chini, mtazameni kesho yake asubuhi akiamka. Goti likiwa limevimba, jibu mmelipata. Likiwa linauma la kawaida, anaweza Mgahinga au Rushaga akiwa na mpagazi wa kumshika mkono. Kutembea Mama Ngina jioni hakupimi kitu. Ni pazuri kwa mihogo na upepo, lakini hakuna mlima.

Mpagazi msimfanyie ubahili. Hata kama begi ni jepesi, kila mmoja wenu achukue wake, na mama achukue wawili, mmoja wa kumvuta mbele na mmoja wa kumzuia nyuma. Ni dola 15 hadi 20 kwa kichwa, na wengi ni vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu. Kijana anayepata riziki kwa kusukuma mgongo wa mamako mlimani ana sababu ya kutotega mitego ya paa mle ndani. Mwaka 2020, wakati wageni hawaji kwa sababu ya korona, Rafiki, dume kiongozi wa familia ya Nkuringo, aliuawa kwa mkuki na mwindaji aliyekuwa akitafuta nyama ndogo ndogo; mahakama ikamfunga miaka 11.

Na kama mtihani wa Sheldrick umemshinda mama kabisa? Bado kuna machela. Milango ya Bwindi ina timu za wanaume wanaobeba mzee kwenye kiti cha miti mabegani wakipokezana, kwenda na kurudi. Bei yake inafika mamia ya dola kulingana na umbali, na lazima iombwe kabla, isingoje asubuhi. Nimewaona wazee waliobebwa hivyo wakifika kwa gorila wakiwa na nguvu kuliko watoto wao waliotembea. Lakini kwa pesa hiyo, mimi ningefanya hivi: mama na wewe mwende upande wa Rwanda kwa dola 200 kila mmoja, mkajitetee Kinigi mpewe kundi la karibu; mume wako na dada yake waende Mgahinga au Rushaga. Kisoro na Musanze, mji wa Rwanda ulio karibu na Kinigi, zimetenganishwa na mpaka wa Cyanika tu, mwendo mfupi kwa gari. Jioni mnakutana mezani kila mtu na hadithi yake, na wifi ameokoa dola 700. Najua familia nyingi hazipendi kugawanyika safarini. Semezaneni.

Mama akifaulu, ushauri wangu ni mmoja: nyote wanne Mgahinga, na ikiwa Mgahinga imejaa, Rushaga. Rwanda ningeichagua peke yake kama wifi angekuwa na kitambulisho cha Kenya au kama pesa si neno.

Njia. Hapa ndipo Rwanda inaingia tena kwa mlango wa nyuma. Kutoka Kampala hadi Kisoro ni siku nzima barabarani, saa tisa au kumi, na kabla ya hapo mmeshatoka Mombasa kwa treni ya Miritini hadi Nairobi na kulala kwenye basi hadi Kampala. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni ni raha. Kwa mama wa miaka 62, atafika goti likiwa limekufa ganzi kabla hajaona hata ngedere. Pandeni ndege: Mombasa, Nairobi, Kigali. Kigali hadi Musanze ni saa mbili na kitu kwa barabara nzuri ya lami iliyojipinda. Kutoka hapo mnavuka Cyanika mko Kisoro. Mkikodi gari Kigali, hakikisheni karatasi zake zinaruhusu kuvuka mpaka, na dereva awe mwenyeji, kwa sababu Rwanda huendeshwa kulia na Uganda kushoto kama kwetu. Katuna, mpaka mkubwa wa nchi hizo mbili, ulifungwa Februari 2019 ukafunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022, kwa hiyo siku mbili kabla ya kuondoka piga simu uulize hali ya mipaka. Ni dakika mbili tu.

Nyinyi wenye vitambulisho mnavuka nchi zote mbili bila pasipoti, utaratibu ulioanza 2014. Kijana, kwa kuwa hana kitambulisho, mtengenezeeni pasipoti au hati ya muda ya kusafiria Afrika Mashariki. Wifi aitazame viza ya pamoja ya watalii, dola 100, inayomruhusu kuingia na kutoka Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90. Lakini anatakiwa aiombe kwa nchi atakayoingia kwanza, kabla hajapanda ndege huko kwao. Na kila mmoja awe na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya safari. Mkiwa nayo tangu zamani inatosha, haiishi muda. Mamako kwa kuwa amevuka miaka 60, aulizwe daktari kwanza kabla ya kuchomwa kwa mara ya kwanza.

Desemba ni chaguo zuri. Mvua za vuli zinakuwa zinaisha na njia zimeanza kukauka, ingawa mle msituni mvua haina kalenda. Tatizo la Desemba ni watu: Krismasi na mwaka mpya dunia nzima iko likizo, na vibali vinane vya Mgahinga havingojei mtu. Kama wifi anaweza kufika wiki ya kwanza ya mwezi badala ya ya mwisho, mtapumua. Kibali cha Uganda hutoka kwa mamlaka ya wanyamapori, ofisi yao kuu iko Kira Road, Kampala, au kupitia kampuni yenye leseni. Cha Rwanda huombwa kwa serikali mtandaoni. Mtu wa WhatsApp anayekuuzia kibali kwa bei ya chini ya hiyo ya serikali anakuuzia karatasi. Dai nakala yenye jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, na mlango. Mwanamke mwenye kitambulisho cha jina la ubini na kibali cha jina la ndoa ataeleza sana asubuhi ile.

Sasa jambo ambalo nitalisema kwa ukali kidogo. Mtu mwenye mafua haendi. Gorila ni jamaa wa karibu sana wa binadamu, na kikohozi chako cha kawaida kwake kinaweza kuwa nimonia ya kuua familia. Mwaka 1996 gorila wa Bwindi walipata upele, na uchunguzi ukaelekea kwa binadamu na nguo zao. Ndiyo maana mtavaa barakoa, mtanawa mikono, na mtasimama mita kumi mbali. Anayekohoa mwongozaji anaweza kumzuia. Kwa hiyo wiki ile kabla ya safari, msibebe mafua ya watoto wa madrasa. Ikiwa mmoja wenu ameamka na homa, aseme mwenyewe kabla hamjatoka hotelini. Kujificha kwa ajili ya kibali cha pesa ni kudhulumu kiumbe.

Siku yenyewe inakwenda hivi. Wafuatiliaji wametangulia tangu alfajiri hadi pale gorila walipoonekana jana, wakatafuta viota. Kila gorila mkubwa hutandika majani mapya ya kulala kila usiku, na asubuhi huacha kinyesi pale pale, kwa hiyo viota vinasomeka. Kutoka hapo wanafuata majani yaliyovunjwa hadi wawakute, kisha wanamwita mwongozaji wenu kwa redio. Nyinyi mnatembea nyuma yake, panga likifyeka, kwa nusu saa au saa tano, hakuna ajuaye. Mkikaribia mnaacha mabegi na bakora kwa wapagazi. Kitakachowafikia kwanza ni harufu, nzito, ya jasho na majani yaliyosagwa, halafu sauti ya kukoroma kifuani kama mzee anayesafisha koo. Mwongozaji atamjibu kwa sauti ile ile. Hapo saa yenu moja inaanza kuhesabiwa.

Dume akiwajia kwa kishindo, mnachutama, mnainamisha macho, hamkimbii. Hufika karibu akasimama, akageuka kama hakuna kilichotokea. Kamera bila mwanga wa taa. Na mwambie wifi asiishi saa ile nzima nyuma ya simu. Picha tano nzuri zinatosha. Kama yeye ni mtu wa kutaka muda zaidi, Rushaga wana mpango wa kukaa saa nne na familia ambayo bado inazoeshwa watu, watu wanne kwa kundi, lakini bei yake kwa mgeni inapita hata ya Rwanda, na kutembea kwake ni kugumu. Si wa mama.

Nguo: baridi ya kule mtu wa pwani haijui. Nendeni Kongowea, penye mitumba, mtafute majaketi ya mvua yanayofungwa hadi shingoni na sweta nyepesi za kuvua na kuvaa. Soksi ndefu zivutwe juu ya suruali kwa sababu ya siafu. Glavu za bustani, zile ngumu, kwa sababu mtashika matawi na majani yanayowasha kama upupu. Viatu vya kushika tope. Gambuti za mitaani huteleza. Wewe na mama kama mnavaa buibui, vaeni suruali pana na kanzu fupi ya magotini ndani ya jaketi, mtando uwe mfupi na umebanwa. Nguo ndefu inanaswa na miiba kila hatua. Kula mle ndani ni mbali na gorila. Mkishikwa na haja, mwambieni mwongozaji bila haya, mnachimba shimo refu la shubiri moja na nusu na kufukia. Maji ya udhu bebeni chupa ya ziada, na kama wasafiri mnajua ruhusa yenu ya kupunguza na kuunganisha sala. Chakula cha halali Kisoro na Musanze kinapatikana, lakini hoteli za karibu na lango hupika chochote, waambieni siku ya kulipia, si siku ya kufika.

Kijana. Asiachwe chumbani na simu. Siku ya nyinyi kupanda, mpangieni mwenyeji wa kuaminika ampeleke ziwani. Upande wa Kisoro kuna Ziwa Mutanda lenye visiwa na mitumbwi, na milima ya volkano imeinama juu yake. Upande wa Musanze kuna Burera na Ruhondo. Mwenyeji huyo muulizeni pia kuhusu Wabatwa, watu wa msituni waliotolewa Bwindi na Mgahinga 1991 hifadhi zilipoundwa. Wengine sasa huongoza wageni pembezoni mwa Mgahinga wakionyesha walivyokuwa wakiwasha moto na kutafuta asali. Kijana atarudi na maswali yatakayowasumbua watu wazima, na ni haki yake kuyauliza.

Mpangilio wa wiki hii basi: wifi aulizwe uraia, mama apelekwe Sheldrick, mkishajua majibu hayo mawili, muombe tarehe tatu tofauti za Mgahinga kwa mkupuo, mlipie ya kwanza itakayopatikana. Ndege na vitanda vifuate tarehe hiyo.